Ukienda Mohoro kufundisha watoto Kiingereza

Vijana wa makanisa ya kwetu Taita, Kenya, wakinijia kuuliza habari za kujitolea Tanzania, huanza na nauli. Mimi huwaanzishia kwa wazazi. Chekechea ya kanisa niliyofundisha iko Mohoro, wilaya ya Rufiji, mji mdogo ambao wengi wa watu wake ni Waislamu. Watoto waliokaa mbele yangu asubuhi, wengi wao jioni walikwenda chuoni kusoma Kurani. Mama anayekukabidhi mtoto wa miaka minne katika hali hiyo amekupa amana, na amana hiyo ikivunjika, hakuna wimbo wala picha ya ukutani itakayolijaza darasa tena.

Soma historia ya mahali kabla ya kupanda basi. Mohoro palikuwa na boma la Wajerumani, na hapo ndipo Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Mwezi huohuo Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na wenzake wakiwa safarini kutoka Kilwa kuelekea Liwale. Anayekuja kwa jina la misheni anaikuta kumbukumbu hiyo imeshamtangulia. Aje kwa adabu ya mtu anayejua amefika wapi.

Kuhusu vibali sina mengi ya kusema. Hata sisi majirani wa Afrika Mashariki hatufundishi kwa muhuri wa matembezi. Kinachotakiwa ni kibali cha ukaazi cha Daraja C, ndicho cha wanaojitolea na wamisionari, na kanisa linalokupokea ndilo la kukusaidia kukiomba. Anza mapema, ungali kwenu. Chukua na cheti cha polisi cha mwenendo mwema hata kama hakuna aliyekidai, kwa kuwa unakwenda kukaa na watoto wadogo. Mabasi ya kusini utayapata Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Utapita Kibiti na Ikwiriri, uvuke Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Zamani watu walikuwa wakingoja kivuko hapo Ndundu. Wakati wa masika ulizia barabara kwanza. Aprili 2024 mafuriko yaliwatoa watu majumbani mwao Rufiji na Kibiti, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikaja kuikata barabara hiyohiyo kule Somanga.

Ukishafika, usikimbilie darasani. Mwenyeji wako akupeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mtendaji wa kata, na kwa imamu pia. Vaa nguo ya heshima, na kwa mwanamke kanga haikosi kazi. Kisha omba kikao na wazazi. Kikao hicho kilinifundisha kuliko semina yoyote. Bibi mmoja alisimama na mjukuu wake mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Huyu mtamfundisha kusali kwenu?"

"Hapana, bibi. Asubuhi ni namba, rangi, nyimbo na Kiingereza. Shule ya Jumapili ni Jumapili, kwa watoto walioletwa na wazazi wao."

"Basi kesho nitakuja nikae nisikilize."

Alikuja kweli. Alikaa kwenye mkeka nyuma ya darasa mpaka uji ulipoletwa, akanywa nasi, akaondoka. Wiki iliyofuata walikuja watoto wengine wa mtaa wake. Wapo ndugu zangu katika Kristo wanaoona kwamba hivyo ni kuionea haya imani. Sikubaliani nao hata kidogo. Kumwingizia mtoto mafundisho ya dini kwa mlango wa Kiingereza, mama yake hajui, ni udanganyifu, na Injili haihitaji udanganyifu. Atakayeniuliza kwa nini niliacha kwetu nikaenda kukaa Mohoro, nitamjibu wazi, mtu mzima kwa mtu mzima.

Sasa somo lenyewe. Wazazi wanakitaka Kiingereza kwa sababu nzito: shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini mtoto akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na wengi hukwama papo hapo. Hamu hiyo iheshimu, ila usimwahidi mzazi kwamba mwanawe atarudi nyumbani anazungumza kama redio. Kwa umri huu inatosha masikio yazoee, mdomo usiogope, na mtoto apende kuja.

Fundisha pamoja na mwalimu mwenyeji, kila siku, na Kiswahili kitangulie. Yeye husimulia hadithi ya Sungura na Fisi mpaka watoto wanaicheka. Kesho yake mnairudia, safari hii ukipachika maneno machache ya Kiingereza mahali ambapo mtoto tayari anajua kinachotokea. Maneno matano kwa wiki yanatosha, na yawe ya vitu vinavyoshikika. Mabango ya dukani yamejaa matufaha na theluji. Sisi tulichora embe, samaki, mtumbwi na korosho kwenye maboksi yaliyokatwa. Kuhesabu tulitumia vizibo vya soda. Mtoto anadondosha kizibo ndani ya kopo la maziwa, kinalia "ta!", darasa zima linasema "one", kingine, "two". Mvulana mmoja mpole, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu aje, alianza kuhesabu kwa sababu ya mlio ule wa kopo. Alitaka zamu yake isipite.

Amri za vitendo, kama kusimama, kukaa, kuruka au kugusa pua, zifanye kwa mwili wako kwanza, ukiwa kimya, halafu ndipo uongeze sauti. Dakika kumi na tano zikipita, badilisha shughuli. Watoto watamalizia maneno kwa irabu, "buku", "kapu", kama ulimi wao ulivyozoea. Usimsahihishe mtoto mbele ya wenzake. Litaje neno sawasawa tena na tena katikati ya mchezo, na sikio litafanya kazi yake.

Kuna majira darasa litapungua. Familia nyingi hulima mpunga bondeni, na unapoiva hukaa shambani kwenye madungu kuulinda na ndege na nguruwe, watoto wakiwa nao. Usiwakaripie. Wakirudi, anza nao walipoishia, na waulize walifukuza ndege gani. Mwezi wa Ramadhani nao uujue mapema: usile hadharani, na wazazi waliofunga usiwaitie vikao virefu vya mchana.

Picha ni jambo linaloniuma. Makanisa yanayotuma watu hupenda picha za watoto, na kuna mgeni niliyemwona akimpiga picha mtoto aliyechafuka kwa tope la mvua, akamwacha yule aliyevaa sare safi pembeni yake. Bila ruhusa ya mzazi, usipige wala usitume. Ukiruhusiwa, mpige mtoto kama mama yake angependa aonekane.

Tangu mwanzo, panga kuondoka kwako. Maneno, nyimbo na michezo yote iandikwe kwenye daftari la mwalimu mwenyeji, kwa mwandiko wake. Miezi ya mwisho yeye asimame mbele, wewe ukae nyuma ukikata kadi na kuwafuta watoto kamasi. Na kanisa lako kwenu likikuuliza lichangie nini, waambie wachangie mshahara wa mwalimu huyo mwenyeji, kila mwezi, kabla hawajanunua kitabu hata kimoja cha picha.