Injini ya Turbo Ndani ya Land Rover Kuukuu

Najua jarida la chama chetu ni la methali, ngeli na ushairi, na huenda ukajiuliza injini ya dizeli imeingiaje humu. Imeingia kwa sababu mbili. Kwanza, mlezi wetu wa chama alituomba tuache kuandika kila mwaka juu ya faida za elimu na madhara ya ulevi, tuandike tunayoyajua. Pili, injini hiyo nusura iniue.

Hapa kwetu Keringet, asiyelima viazi huuza maziwa, na asiyefanya yote mawili ana gari la kuyabeba. Mjomba wangu yumo katika kundi hili la tatu. Gari lake ni Land Rover Series III, lile refu liitwalo 109. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. La mjomba lina umri kumpita mama yangu mdogo, na bado linaingia kwenye matope ambayo pikapu za kisasa huyatazama kwa mbali na kugeuka.

Shida yake ilikuwa injini. Ilikuwa ya petroli, silinda nne, lita mbili na robo, nguvu za farasi kama 70 hivi ilipotoka kiwandani. Petroli iliinywa kama ng'ombe aliyetoka machungani, na mlima ukizidi kidogo, sisi abiria tulishuka tukasukuma. Kila mtu alilaumu uzee. Mimi pia niliulaumu, mpaka tulipofika kwenye somo la mgandamizo wa hewa.

Injini haili mafuta peke yake. Inakula na hewa. Kule Mombasa hewa imesongamana kwa sababu imelaliwa na hewa yote iliyo juu yake. Ukipanda hadi mita 2,500, kiasi cha Molo na nyanda hizi zetu, mgandamizo unapungua hadi karibu robo tatu ya ule wa pwani. (Ndiyo sababu githeri yetu haiivi upesi: maji hapa huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100.) Kwa hiyo pistoni ikivuta pumzi Keringet, inapata robo tatu tu ya chakula chake. Farasi 70 wanabaki kama 52, na hapo bado hujahesabu uzee.

Turbo ndiyo dawa ya ugonjwa huu. Mwaka wa 1905 mhandisi Mswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo lake: ule moshi unaotoka kwa kasi na kupotea bure, uzungushe gurudumu dogo lenye mapanga kama feni. Gurudumu hilo limeshikana kwa shafti na jingine lililo upande wa hewa safi, nalo linaizoa hewa na kuishindilia ndani ya silinda. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, likielea juu ya utando wa oili. Hivyo mtu wa Keringet anarudishiwa hewa ya pwani, na ziada juu yake.

Basi mwaka wa 2024, likizo ya Agosti, mjomba alisikia kuna Discovery iliyopinduka na injini yake inauzwa. Ilikuwa ile dizeli ya turbo iitwayo 200Tdi, lita mbili na nusu, farasi 111, iliyotoka mara ya kwanza mwaka wa 1989. Alimpelekea fundi mmoja wa jua kali, nami nikaomba niwe mshika spana.

Wengi wanadhani kuhamisha injini ni kung'oa hii na kufunga ile. Lo! Kwanza tulikuwa na bahati, kwani injini hizi mbili ni za ukoo mmoja. Nyumba ya flaiwili ya ile ya petroli ilikubali kukaa nyuma ya ile ya dizeli, na giabokisi ya zamani ikaungana nayo. Hapo fundi alipiga mluzi. Mluzi ulikatika tulipoishusha mahali pake: turbo ya Discovery imekaa chini, ikagonga chesisi. Kuna wanaokata chesisi. Fundi wetu alikataa kata kata, akasema, "Chesisi ni uti wa mgongo, kijana. Wewe ungekubali nikukate mgongo ndio shati likutoshe?" Tukangoja siku nne mpaka ikapatikana manifoldi ya Defender, ambayo huiweka turbo juu.

Mengine nayapitia haraka. Kipoza hewa hukaa ubavuni mwa radieta, kwa hiyo ilibidi fremu ya mbele ipanuliwe. Tangi lilioshwa petroli yote ikaisha, na likaongezewa paipu ya pili, maana dizeli inayobaki kwenye pampu hurudi tangini. Waya za plagi za kupasha moto zilivutwa hadi kwenye swichi. Bila hizo, asubuhi ya Julai hapa kwetu hutawasha kitu. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa, maana hakuna ajuaye wa zamani ulifungwa lini.

Siku ya majaribio gari lilipanda ule mlima wa sokoni kwa gia ya tatu. Watu walisimama kutazama! Mjomba alilalamika kitu kimoja tu: breki ilikuwa ngumu kidogo. Fundi akasema bitana za breki ni mpya, zitazoea. Sote tukaridhika, maana tulitaka kuridhika.

Jumamosi iliyofuata tulipakia magunia 16 ya viazi, kila moja kilo 50. Mimi niko mbele na mjomba, kijana wa kupakia yuko juu ya magunia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulipoanza kuteremka kuelekea mtoni, mjomba aliachilia mafuta, kama alivyozoea miaka yote, akitarajia injini ilishike gari. Halikushikwa kama zamani. Akakanyaga breki. Nilimwona akikanyaga, kisha nikamwona akisimama juu ya ile pedali kwa miguu miwili, makalio yameacha kiti. Ilikuwa kama anakanyaga jiwe. Gari lilipungua mwendo kidogo sana, kama mtu anayetii shingo upande.

Mjomba hakupiga kelele. Alirudi gia ya pili, injini ikalia, akaniambia, "Vuta handibreki, vuta!" Handibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika shafti ya propela nyuma ya giabokisi. Ilipokamata, gari lilitikisika kama limepigwa na nyundo. Yeye akaukata usukani kuelekea ukingo wa udongo upande wa mlima. Tuliuparuza ukingo ule mita nyingi hadi tukasimama. Daraja lilikuwa mbele yetu, hatua kama thelathini. Kijana wa juu alikuwa amekwisha kuruka, akaja anachechemea huku akicheka kile kicheko cha mtu ambaye hajui alie au vipi. Magunia matatu yalikuwa yamepasuka. Tuliokota viazi kimya kimya.

Jioni fundi alikuja, akafungua boneti, akaona kosa lake kabla hatujamwambia kitu. Na hapa ndipo penye somo lenyewe.

Nyuma ya pedali ya breki kuna mkebe wa duara ambao mafundi huuita busta. Ndani mna kiwambo kinachougawa sehemu mbili. Upande mmoja hewa hunyonywa ikaisha, pakabaki ombwe. (Fundi huliita vakyumu, mimi nimelipenda neno ombwe tangu siku hiyo.) Ukikanyaga, hewa ya nje huingia upande wa pili, ikakisukuma kiwambo, nacho kikausaidia mguu wako. Sasa ombwe latoka wapi? Kwa injini ya petroli hutoka kwenye njia ya kuingizia hewa. Pana kilango kabla ya silinda. Ukiachilia mafuta kilango kinafunga, pistoni zinavuta na hazipati, na kuvuta huko ndiko kunakotoa ombwe. Ndiko pia kunakolishika gari kwenye mteremko.

Dizeli ya namna hii haina kilango hicho. Hewa huingia wazi wakati wote. Nguvu hupimwa kwa kiasi cha mafuta. Kwa hiyo ombwe hakuna. Injini yenye turbo ndiyo zaidi, kwani mle njiani hewa hushindiliwa badala ya kunyonywa. Ndiyo maana 200Tdi ina pampu ndogo ubavuni, kazi yake ni kunyonya hewa ya busta tu. Ile Discovery ilipopinduka, pampu hiyo ilivunjika. Fundi alikuwa ameliziba tundu kwa bati ili oili isimwagike, kisha paipu ya busta akaichomeka pale pale ilipokuwa kwenye injini ya petroli. Mkono ulifuata mazoea.

Nilichukua daftari nikafanya hesabu. Tuseme kiwambo kina kipenyo cha sentimita 20, yaani eneo la sentimita za mraba 314. Pampu ikinyonya hewa yote, kule Mombasa mguu wako unasaidiwa na msukumo kama wa uzito wa kilo 320. Hapa Keringet, kwa hewa yetu ya robo tatu, ni kama kilo 240. Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Hewa nyepesi inainyima injini nguvu na inainyima breki msaada kwa kipimo kile kile. Turbo imeirudishia injini haki yake. Breki hakuna aliyeirudishia kitu, na sisi hata kile kidogo chake tulikuwa tumekiziba kwa bati.

Pampu nyingine ilipatikana Nakuru. Fundi aliifunga bila kudai hata shilingi, na akanifundisha namna ya kupima, ambayo hata mwalimu mwenye gari anaweza kuijaribu hapo nje ya ofisi. Zima injini. Kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu. Uache mguu juu yake umeikaza, kisha washa. Ikizama kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isipozama, usiondoke.

Kazi haijaisha. Giabokisi ilitengenezwa kwa ajili ya msokoto wa Nyutoni mita 160 hivi, na hii mpya inatoa kama 265, kwa hiyo mjomba amekatazwa kukanyaga mafuta kwa pupa akiwa na mzigo. Difu bado ni zile za zamani, ambazo propela huzunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja. Kwenye lami ya kwenda Molo injini inalia kabla gari halijakimbia. Anatafuta za Discovery, zenye 3.54. Namba ya injini mpya nayo ilipelekwa NTSA iandikwe, kwa sababu polisi akiilinganisha na ya zamani, atakuuliza uliiba wapi. Bado tunangoja logbuku.