Matatu, Lori na Gea ya Nne

Wanachama wenzangu, nani hajaketi ndani ya matatu inayopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru? Dereva anataka kulipita lori. Anakanyaga mafuta hadi mwisho, injini inakoroma, lakini wapi! Mwendo hauongezeki. Kumbe yuko gea ya nne.

Petroli ikiwaka ndani ya silinda, pistoni husukumwa na kuizungusha injini. Kadiri injini izungukavyo upesi (hadi kiwango fulani, msije mkaipasua!) ndivyo itoavyo nguvu nyingi. Katika gea ya kwanza injini huzunguka zaidi ya mara 10 ili gurudumu lizunguke mara moja tu: msukumo mkubwa, mwendo mdogo. Gea ya nne ni kinyume chake. Basi dereva arudi gea ya tatu, hata ya pili, kabla ya kuchomoka.

Sasa tupige hesabu. Lori linapanda kwa kilomita 40 kwa saa, matatu 50. Ili ilipite na kurudi upande wake, matatu yapaswa kulizidi lori kwa mita 40 hivi. Hizo ni sekunde 14! Gari linaloteremka kwa kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 300 katika muda huo. Na kona za huko mnazijua wenyewe.