Gari Kuukuu Lililokosa Sevisi: Anza na Breki, Rangi Itasubiri

Chukulia mfano wa mwalimu wa shule ya msingi huko Msambweni. Gari lake ni Toyota Probox ya mwaka 2005, alilolinunua kwa mtu, na dashibodi inasoma kilomita 287,000. Oili hubadilisha anapokumbuka. Mengine hajui yalifanywa lini. Siku moja anatoka mjini Kwale na watoto wawili kiti cha nyuma, akiteremka Milima ya Shimba kuelekea Kombani. Mguu umekuwa kwenye breki tangu mteremko uanze. Ghafla pedali inazama karibu ifike sakafuni. Anaikanyaga mara mbili tatu, inashika, na anafika chini salama. Akipumzika kidogo, breki zinarudi kama kawaida.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kwa kuwa breki zimerudi, safari inaendelea, na pesa zilizowekwa kwa ajili ya gari zinakwenda kwenye redio, vitambaa vya viti au rangi. Makala haya yanaeleza mwenye gari la aina hii aanzie wapi, kwa sababu sevisi ya miaka kadhaa haiwezi kulipwa kwa mshahara mmoja.

Kilichotokea mteremkoni

Mafuta ya breki yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa polepole, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwa joto lisilopungua nyuzi 205. Yakishafyonza maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Katika mteremko mrefu breki hupata moto sana. Mafuta yaliyochoka huchemka na kutoa mvuke, na mvuke hubanwa kwa urahisi. Dereva akikanyaga, nguvu yote inaishia kwenye mvuke badala ya kufika kwenye magurudumu. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inakuwa ngumu tena. Ugonjwa bado upo, unasubiri mteremko mwingine.

Dawa yake ni kubadilisha mafuta yote ya breki na kutoa hewa kwenye mabomba. Watengenezaji wengi wa magari hushauri ifanywe kila baada ya miaka miwili hivi. Dereva naye ashuke mlima kwa gia ndogo, ili injini isaidie kulizuia gari.

Kwanza, daftari

Gari lisilo na kumbukumbu lihesabiwe kuwa halijafanyiwa lolote. Mwenye gari anunue daftari dogo na kulihifadhi ndani ya gari. Kila kazi iandikwe: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na fundi aliyefanya. Risiti zibandikwe humo humo.

Kisha gari likaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Kijiti cha kupimia oili kitaonyesha kiwango na rangi yake. Maji ya rejeta yatazamwe; kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoeleza lilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini limepasukapasuka kwa jua na uzee si la kuaminiwa.

Magari ya uchukuzi wa umma na ya biashara hupelekwa kukaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, kila mwaka. Mwenye gari la nyumbani mara nyingi hana wa kumkumbusha isipokuwa daftari lake.

Mshahara wa kwanza: kinachosimamisha na kinachoelekeza gari

Pesa za mwanzo ziende kwa vitu ambavyo vikikosekana mtu anaweza kufa: mafuta ya breki, pedi za mbele, brekishuu za nyuma, matairi, taa na waipa. Fundi aliinue gari na kutikisa magurudumu, ili ajue kama boljointi, tairodi na bushi zimelegea.

Hapa pwani kuna jambo la ziada, nalo ni chumvi. Magari ya Diani, Gazi na Shimoni hulala karibu na bahari, na upepo huleta chumvi hadi chini ya bodi mahali macho hayafiki. Mabomba ya chuma ya breki hula kutu taratibu. Fundi ayapangue vumbi na kuyatazama kwa tochi kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na mipira inayofika kwenye magurudumu. Baada ya hapo, gari lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa likipita kwenye mchanga wa ufuo.

Kazi hizi zifanywe kabla ya masika, maana barabara yenye maji haimsamehe mwenye matairi yaliyoisha.

Mshahara wa pili: kinachoua injini

Gari likishaweza kusimama, ni zamu ya injini. Oili na filta yake vibadilishwe. Kama oili imekaa muda mrefu hadi kuwa nzito kama lami, ni vyema ibadilishwe tena baada ya kilomita 2,000 au 3,000, kwa kuwa oili mpya itaanza kuosha uchafu wa zamani. Dawa kali za kuosha injini kwa mkupuo ziepukwe kwa injini ya namna hii; uchafu ukibanduka wote pamoja unaweza kuziba njia ya oili.

Rejeta nayo ina mambo yake. Wengi hujaza maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi na chokaa ya matumbawe. Maji hayo huacha ukoko ndani ya rejeta na kuleta kutu kwenye injini. Panapohitajika, rejeta isafishwe, kisha itiwe kulanti inayofaa gari hilo.

Baadhi ya mafundi huondoa thamostati wakiamini injini itapoa zaidi. Injini inayoendeshwa bila thamostati huchelewa kupata joto lake, hutumia petroli zaidi, na tatizo lenyewe, pengine feni mbovu au rejeta iliyoziba, hubaki limefichika. Litajitokeza siku gari limekwama kwenye foleni ya feri Likoni, jua la saa saba likiwaka na hakuna upepo wa kusaidia rejeta.

Mkanda wa taiming usisahaulike. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina mkanda wa mpira unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Kama hakuna kumbukumbu, ubadilishwe. Probox ya petroli ya mwalimu wetu inatumia cheni, ambayo haina ratiba ya namna hiyo, lakini cheni hiyo huishi kwa oili safi. Kwa wanaopita barabara za vumbi za Kinango na Lunga Lunga, filta ya hewa itazamwe mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Mshahara wa tatu: yanayoweza kungoja kidogo

Hapa huingia plagi, betri, shokomzoba na oili ya gia. Gia za otomatiki zinahitaji uangalifu. Kama oili yake haijaguswa kwa miaka mingi, mafundi wengi wenye uzoefu hupendelea kumwaga inayotoka yenyewe na kujaza kiasi hicho hicho, kisha kurudia baadaye, badala ya kuisukuma yote kwa mashine. Aina ya oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili isiyo yake inaweza kuua gia boksi nzima.

Kiyoyozi, redio na rangi vije mwisho.

Spea, fundi na oili chafu

Mwenye gari aombe kuonyeshwa spea mpya ikiwa bado kwenye pakiti, na arudishiwe ile ya zamani. Bei ya chini kupita kiasi kwa pedi za breki ni sababu ya kuuliza maswali. Fundi mwaminifu hakasiriki akiulizwa.

Oili iliyomwagwa isiachwe ardhini. Miamba ya matumbawe ya pwani yetu hupitisha vitu kwa urahisi, na wakazi wengi wa Diani na Likoni hunywa maji yanayotoka kwenye visima vya Tiwi. Oili chafu iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko, ipelekwe gereji inayoikusanya kwa njia inayokubalika kisheria.

Wakati wa kusema basi

Kuna gari ambalo halistahili mshahara wa pili. Kabla ya kutumia pesa nyingi, fundi agonge fremu na sehemu zinazoshika magurudumu. Kama chuma kimeoza kwa kutu hadi kinatoboka, injini nzuri haitaliokoa. Ni heri kulijua hilo mapema kuliko baada ya kununua gia boksi.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwalimu wa Msambweni, ufa ulikuwa chupa moja ya mafuta ya breki.

Kwa ufupi

• Pedali ya breki iliyozama hata mara moja ni sababu ya kwenda kwa fundi siku hiyo hiyo.
• Andika kila kazi kwenye daftari, pamoja na tarehe na kilomita.
• Fuata mpangilio: breki, matairi na usukani, kisha oili na maji ya injini, kisha mengine.
• Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi.
• Usimwage oili chafu ardhini.