Tuchume kwa Usalama
Kijitabu cha kaya zenye bustani ya mboga

Kula mboga zako
Nyanya, mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu: mwenye bustani nyumbani hahangaiki na mboga ya jioni. Kuleni kwa wingi. Mtoto aliyetimiza miezi 6 naye apewe, iliyoiva na kupondwa laini.

Jambo kubwa kuliko yote
Mboga iliyopigwa dawa ya wadudu haichumwi mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ziishe.

Kila msimu wa mavuno ni yale yale. Baba kapiga dawa asubuhi, hakusema. Jioni mama anamtuma mtoto akachume mchicha. Usiku nyumba nzima inatapika.

Kila dawa ina siku zake. Lebo ikisema siku 7, ni 7. Ikisema 14, ni 14. Anza kuhesabu siku inayofuata ile uliyopiga dawa mara ya mwisho. Mvua ikinyesha, usipunguze hata siku moja. Kuosha hakupunguzi siku. Kupika hakupunguzi siku. Maji ya chumvi nayo hayapunguzi. Wageni wakifika kabla siku hazijaisha, wapikie maharage.

Fanya hivi: chuma kwanza, ndipo upige dawa. Piga tuta lenye wadudu tu, mengine yaache ya kula. Chomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye tuta lililopigwa, andika tarehe ukutani, na waambie wote nyumbani, dada wa kazi na watoto wakiwemo. Mtoto haombi ruhusa kuchuma nyanya iliyoiva.

Mchicha huwa tayari wiki 3 hadi 4 tu baada ya kusiwa. Ukiupiga dawa ya siku 14 ukiwa umekaribia kuvunwa, utakomaa kabla hujaruhusiwa kuula. Wadudu wachache watoe kwa mkono.

Dawa isiyo na lebo
Usiinunue.

Dawa ya kupimiwa dukani kwa kifuniko haina siku za kuhesabu, kwa hiyo huwezi kujua lini uchume. Dawa ya pamba, ya kahawa au ya kuogeshea ng'ombe haipigwi kwenye mboga. Maji ya tumbaku ni sumu, hata kama umeyatengeneza mwenyewe.

Kuhifadhi
Usimimine dawa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, mtoto atainywa. Usiiweke jikoni, wala chini ya kitanda, wala karibu na unga. Ifungie juu, mbali na watoto. Ndoo na kijiko cha dawa visirudi jikoni kamwe. Kopo likiisha dawa si la kuchotea maji, hata ulioshe mara ngapi.

Kachumbari na mboga mbichi
Nawa mikono kwa sabuni. Osha mboga kabla ya kukata, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji ya kunywa. Usimwagilie kwa maji ya mtaro wala yanayotoka vyooni: hapo ndipo kipindupindu na minyoo vinapoingia kwenye sahani. Nasema tena, kuosha huku ni kwa ajili ya uchafu na vijidudu. Siku za kwenye lebo ziko pale pale.

Mtu akidhurika kwa dawa
Dalili ni kutapika, kuharisha, mate na jasho jingi, misuli kutetemeka, kupumua kwa shida. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Nguo zenye dawa zivue, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Aliyepoteza fahamu mlaze ubavu. Mkimbize kituo cha afya, na uchukue kopo la dawa pamoja na lebo yake ili mganga aione.

Kabla hujachuma leo
Uliza nyumbani: nani alipiga dawa, lini, na lebo inasema siku ngapi? Asipopatikana wa kujibu, usichume.