Nyembe za Kale na Chapa Zake

Wembe ununuliwao dukani leo ni kijibamba chembamba. Ukiisha makali hutupwa. Nyembe za zamani za Ulaya hazikuwa hivyo. Bamba lake lilikuwa refu, mgongo mnene, nalo lilikunjwa ndani ya mpini kama kisu cha mfukoni. Mwenye wembe aliunoa juu ya jiwe laini, na kila asubuhi aliupitisha juu ya ukanda wa ngozi. Pengine alinyolea wembe huo maisha yake yote, kisha akamwachia mwanawe.

Nyembe hizo hukusanywa leo na watu wapendao vitu vya kale. Nyingi zilifuliwa katika mji wa Sheffield, Uingereza. Wafua visu wa huko walikuwa na chama chao kilichowekwa kwa sheria mwaka 1624, na fundi alipewa chapa yake mwenyewe, aipige katika chuma, wala mwingine asiitumie.

Tazama wembe wa kale pale penye shingo, kati ya makali na mpini. Pengine utaona maneno CAST STEEL, maana yake feleji iliyoyeyushwa. Maneno hayo yana hadithi yake. Zamani feleji, yaani chuma kigumu cha kufulia visu, ilipatikana kwa kuoka fito za chuma katika makaa ya miti siku nyingi. Nje zikawa ngumu sana, ndani zikabaki laini. Mtengeneza saa mmoja, Benjamin Huntsman, hakuridhika nayo, maana alitaka kamani njema za saa zake. Karibu na mwaka 1740 alihamia Handsworth, kijiji cha jirani ya Sheffield, akajaribu kwa siri kuiyeyusha feleji yote ndani ya vyungu vya udongo. Joto lake lilipaswa kufika kama nyuzi 1600, na si kila udongo uwezao kulistahimili. Alishindwa mara nyingi. Mwisho akafaulu, akapata feleji iliyo sawa nje na ndani.

Je, wafua visu wa Sheffield walifurahi? La! Walisema ni ngumu mno kufulika, wakaikataa. Basi Huntsman akaiuza Ufaransa. Twaambiwa kwamba visu vya Wafaransa vilipoanza kuletwa Uingereza, navyo vilikuwa bora kuliko vyao, ndipo wale waliokataa walipotaka serikali imzuie asiiuze nje. Hawakufaulu, ikawabidi kuinunua wao pia.

Kuna jambo lisiloandikwa juu ya wembe wo wote. Makali yalisagwa juu ya mawe makubwa yaliyozungushwa kwa nguvu ya maji, na baadaye kwa mvuke. Msagaji aliinama juu ya jiwe mchana kutwa, na vumbi la jiwe na chuma likaingia mapafuni mwake. Katika karne ya 19 wengi waliosaga juu ya jiwe kavu walikufa kabla ya kufika miaka 40. Tena jiwe lenyewe liliweza kupasuka lilipokuwa likizunguka, likamwua mtu papo hapo.

Umri wa wembe wasomwaje? Herufi W R pamoja na taji ni za Mfalme William wa Nne, aliyetawala tangu 1830 hata 1837. V R ni za Malkia Victoria, 1837 hata 1901. Ukiona neno England, yaelekea wembe ni wa baada ya 1890, kwa kuwa mwaka huo Marekani ilitunga sheria kwamba bidhaa za kigeni ziandikwe jina la nchi zitokako. Lakini usifanye haraka: wembe usio na neno hilo si lazima uwe wa kale zaidi, maana si kila wembe uliotengenezwa kwenda Marekani. Basi tazama na umbo. Nyembe za kwanza zina mbavu nene kama kabari. Za baadaye zimechongwa mbavu zikabonyea, zikawa nyembamba.

Kosa kubwa la wanaoanza kukusanya ni kusugua. Mtu hupata wembe wenye kutu, akausugua kwa msasa hata ung'ae kama kioo. Kutu imekwisha, na chapa imekwisha pamoja nayo. Hakuna tena awezaye kusema wembe ule ni wa nani wala wa mwaka gani. Afadhali kuupaka mafuta kidogo na kuufuta kwa kitambaa.

Mpini nao utazamwe. Mingi ni ya pembe za ng'ombe. Mingine, iliyo ya thamani, ilichongwa kwa pembe za ndovu, na hiyo siku hizi haiuzwi ovyo, kwa sababu ya sheria za kuwalinda ndovu. Iliyo ya hatari ni ile ya seluloidi, kitu kilichobuniwa katika karne ya 19, kikatumika kuiga pembe. Seluloidi ikizeeka huoza yenyewe, ikatoa hewa kali ilayo chuma. Wembe mmoja wa namna hiyo ukifungiwa sandukuni pamoja na nyingine, zote huota kutu. Kwa hiyo mkusanyaji huuweka peke yake, mahali penye hewa.