Dubwi la mkononi: Nani anakula, nani analiwa?



Siku chache zilizopita mpwa wangu alinijia nyumbani, hapa Kirumba, baada ya Swala ya Isha. Kijana huyu huchukua dagaa Igombe na kuuza Mwaloni. Alitaka nimkopeshe laki mbili. Nilipomuuliza mtaji aliopewa na mama yake uko wapi, alinyamaza, kisha akatoa daftari. Ndani yake ameandika saa na dakika ambazo mchezo wa matunda ulio kwenye simu yake "hutema".

"Mjomba," akasema, "nimeliwa sana, lakini mwendo wake nimeshaujua. Umekula mno, sasa lazima uteme."

Sikumkemea. Mara nyingi nimemwambia kamari ni haramu, naye hujibu "ni kweli mjomba", kisha akarudi kubonyeza. Usiku ule nikaona nimfundishe hesabu. Darasa hilo ndilo naliandika hapa, kwani naamini madaftari ya namna ile yapo mengi.

Mashine haina kumbukumbu

Nilimpa sarafu ya shilingi 200, ile ile inayomezwa na madubwi ya mitaani. Upande mmoja Mzee Karume, upande wa pili simba. Nikamwambia airushe. Ikitua simba mara tano mfululizo, je, mara ya sita lazima itue Karume? Sarafu haijui ilichofanya jana wala dakika moja iliyopita. Kila mrusho unaanza upya.

Ndivyo ulivyo mchezo ule. Ndani yake mna programu inayozalisha namba bila mpangilio, maelfu kwa maelfu. Unapobonyeza, namba ya wakati ule ndiyo inayoamua matokeo. Yale matunda unayoyaona yakizunguka ni mapambo tu. Hukumu imeshatoka kabla hayajasimama. Kwa hiyo hakuna mashine "iliyoshiba" wala yenye deni lako. Daftari la mpwa wangu lilikuwa linaandika historia ya kitu kisicho na historia.

Gurudumu la uongo

Mashine za kwanza, zilizotengenezwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na magurudumu ya chuma. Mchezaji aliweza walau kuhesabu picha. Mwaka 1984 mtu aitwaye Inge Telnaes alipata hataza nchini humo kwa ufundi mwingine: kompyuta ichague namba kwanza, kisha gurudumu lisimame pale kompyuta ilipoamuru.

Tazama maana yake. Tuseme kuna magurudumu matatu, kila moja lina picha 22, na picha ya donge nono ni moja. Kwa macho, nafasi ya kulipata ni moja katika 10,648. Lakini kompyuta ikitumia namba 64 kwa kila gurudumu, na donge nono likapewa namba moja tu, nafasi inakuwa moja katika 262,144. Macho yanaona mlango, kumbe ni tundu la sindano. Kwenye simu hata gurudumu lenyewe halipo, ni picha tupu.

Asilimia 95 ni ya nani?

Mpwa wangu akanijibu kwamba mchezo umeandikwa wazi kuwa unarudisha asilimia 95. Ni kweli michezo mingi hutangaza kiwango cha namna hiyo. Lakini hiyo si ahadi kwako. Ni wastani wa mamilioni ya mibonyezo ya watu wote. Mmoja anaweza kuondoka na laki, na wengi wakaondoka mikono mitupu, hesabu ikabaki 95. Anayekula analipwa kwa fedha za walioliwa. Kampuni haitoi chake.

Sasa piga hesabu. Kila mbonyezo wa shilingi 200 unakugharimu, kwa wastani, shilingi 10. Inaonekana ndogo. Lakini mtu hubonyeza hata mara kumi kwa dakika, yaani mara 600 kwa saa. Hapo amezungusha shilingi 120,000 na kupoteza 6,000, hata kama alianza na elfu kumi tu mfukoni, kwa sababu anachokula anakirudisha. Akikaa saa nne, ni 24,000. Na hiyo ni kwa siku ya kawaida, wala si siku mbaya.

Mizunguko ya bure nayo si zawadi. Thamani yake imeshahesabiwa ndani ya ile ile 95. Mbaya zaidi ni kengele za uongo. Unaweka shilingi 20 katika mistari 20, jumla 400. Mstari mmoja unashika, unalipwa 120, taa zinawaka, muziki unalia. Umepoteza 280 na unapigiwa vigelegele!

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha katika karne iliyopita kwamba njiwa anayepata chakula kwa nyakati zisizotabirika hudonoa kitufe kwa muda mrefu kuliko anayepewa kila mara. Aliyebuni mchezo anayajua haya. Je, anayebonyeza anayajua?

Na ziwa je?

Kijana akanibana: "Mjomba, hata ziwa ni bahati nasibu. Kuna siku mitumbwi inarudi mitupu."

Hoja hii tusiidharau. Lakini mvuvi wa dagaa anajua giza la mwezi na mbalamwezi, anajua taa na upepo, na ujuzi wake unamwongezea riziki. Mbele ya programu, mwenye miaka kumi na aliyeanza leo ni sawa. Tena dagaa wanapopatikana, mvuvi amepata, mchuuzi amepata, mlaji wa Kongo amekula, na hakuna aliyenyang'anywa. Katika kamari, furaha ya mmoja ni kilio cha wengine.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inairuhusu biashara hii kwa leseni, na inawakataza walio chini ya miaka 18. Ruhusa ya serikali haiigeuzi haramu kuwa halali. Surat al-Baqara, aya ya 219, haikani kwamba kamari ina manufaa kwa watu. Inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, inataja uadui, chuki na kuzuiwa na Swala. Dada yangu na mwanawe hawasemeshani tangu mtaji upotee. Isha ile kijana alifika baada ya jamaa kwisha, simu mkononi. Tafsiri gani tena tunaitaka?

Laki mbili sikumpa. Nilimpa kazi: kwenye daftari lile lile aandike, kutoka kwenye ujumbe wa miamala ya simu yake, kila shilingi iliyoingia mchezoni na kila iliyotoka, tangu siku ya kwanza. Alikaa mpaka usiku wa manane. Jumla alipoiona, hakuniambia ni kiasi gani. Aliomba maji ya kutawadha.

Maimamu na wazazi, tuseme haramu, na tuonyeshe pia hesabu. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu. Amin.