Urefu wa Mtutu, Mwendo wa Risasi na Kishindo Chake



Tangu nilipomaliza masomo nimekuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na kila nialikwapo kuzungumza na wanafunzi juu ya gesi na sauti, swali moja halikosi kuulizwa: "Je, mtutu ukiwa mrefu zaidi, risasi huenda kasi zaidi?" Mara hufuata la pili: "Mbona bastola ndogo hulia kuliko bunduki ndefu, hali risasi ni ile ile?" Maswali haya ni mazuri, na majibu yake yamo katika somo la fizikia mnalolisoma. Nimeona yafaa niyajibu hapa kwa kutumia bunduki ndogo ya .22, maana hiyo ndiyo inayolionyesha jambo hili waziwazi kuliko zote.

Risasi ya .22 ni kitu gani?

Katika somo hili nikisema "risasi" nina maana ya kile kipande kiendacho kwenye shabaha, na nikisema "ganda" nina maana ya kile kikopo cha shaba kibakiacho nyuma. Katika bunduki kubwa fataki huwekwa katikati ya kitako cha ganda. Katika .22 haiko hivyo. Dawa ya fataki imo ndani ya ukingo unaozunguka kitako, na nyundo ya bunduki huponda ukingo huo. Asili yake ni Ufaransa, ambako mwaka 1845 Flobert alitia kidonge cha risasi katika fataki ili watu wacheze shabaha hata ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola ya kutumia ganda la namna hiyo, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens, ya huko huko Marekani, ikatoa ganda liitwalo .22 Long Rifle. Hilo ndilo litumiwalo mpaka leo, hata katika michezo ya Olimpiki, ambako shabaha ya bunduki hiyo huwa mita 50 na duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu.

Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6, nayo ni ya madini laini yaliyopakwa nta au mafuta. Baruti yake ni kidogo mno, kama gramu 0.1 hivi. Baadhi ya bunduki za askari hubeba karibu gramu 3, yaani mara thelathini. Likumbukeni neno hili, kwa sababu majibu yote yanatokana na uchache huo wa baruti.

Mwendo

Kila mtoto wa kwetu amepata kukata bua la jani la mpapai, akatia punje ndani na kuipuliza. Bua likiwa fupi mno punje huanguka karibu, kwa kuwa pumzi haikupata nafasi ya kuisukuma. Ukichukua bua refu zaidi, punje huenda mbali. Lakini ukipata bua refu kupita kiasi, pumzi yako hukwisha kabla punje haijatoka, na kuta za bua huanza kuizuia.

Bunduki ni vivyo hivyo. Baruti ikiungua hugeuka gesi ya moto yenye nguvu nyingi, nayo huisukuma risasi. Msuguano wa kuta za mtutu hupinga. Maadamu msukumo wa gesi unazidi msuguano, risasi huongeza mwendo. Nguvu hizo mbili zikilingana, mwendo hauongezeki tena. Msuguano ukizidi, risasi huanza kupungua mwendo ingali ndani ya mtutu.

Sasa, kwa kuwa baruti ya .22 ni chache, huungua yote mapema, na gesi huanza kulegea upesi. Watu wa Marekani wamewahi kulipima jambo hili kwa kuchukua mtutu mrefu na kuukata inchi baada ya inchi, wakipima mwendo kila mara. Katika inchi za kwanza mwendo hupanda kwa haraka sana. Baada ya inchi 10 hupanda polepole. Ukifika kati ya inchi 16 na 19 hivi, mara nyingi hakuna faida tena, na katika mitutu ya inchi 24 au 26 risasi nyingi hutoka zikiwa na mwendo mdogo kidogo kuliko katika ile ya inchi 16. Mahali penyewe hubadilika kwa aina ya baruti na ulaini wa mtutu, lakini desturi ni hiyo. Kwa mfano, risasi ya mwendo mkubwa hutoka katika bunduki kwa mita 380 hivi kwa sekunde, bali katika bastola ya mtutu wa inchi 4 mara nyingi hupata kama mita 300 tu.

Bunduki ya askari, yenye baruti mara thelathini, bado huongeza mwendo hata katika inchi 24. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mtutu mrefu daima ni bora, wala kwamba mtutu mfupi daima watosha. Na aulize kwanza: baruti ni kiasi gani?

Kwa nini basi bunduki za mashindano zina mitutu mirefu? Si kwa ajili ya mwendo. Mtutu mrefu hutenga mbali kidato cha mbele na cha nyuma, na hivyo kosa dogo la kulenga huonekana upesi. Tena uzito wake hutuliza mkono. Mafundi wengine siku hizi hutumia mtutu mfupi kidogo na kuuongezea bomba tupu mbele la kushika kidato, ili risasi itoke mapema kabla mpigaji hajatikisika.

Kishindo cha mdomo wa mtutu

Fungueni chupa ya soda yenye joto, kisha fungueni nyingine iliyo baridi. Ya kwanza hulia zaidi kwa kuwa gesi yake ilibanwa zaidi wakati kizibo kilipoondoka. Risasi ndicho kizibo cha mtutu. Itokapo, gesi iliyo nyuma yake hupasuka hewani, na kishindo hutegemea ni kwa nguvu gani gesi hiyo ilikuwa bado imebanwa.

Tufanye hesabu ndogo. Tundu la mtutu wa .22 lina upana wa milimita 5.6 hivi. Eneo lake basi ni karibu robo ya sentimita ya mraba, yaani kila sentimita 4 za mtutu hutoa nafasi ya sentimita moja ya ujazo. Kwa hiyo:

Mtutu wa inchi 4 (sentimita 10): nafasi 2.5.
Mtutu wa inchi 16 (sentimita 40): nafasi 10.
Mtutu wa inchi 24 (sentimita 60): nafasi 15.

Kanuni ya Boyle yasema kwamba gesi ile ile ikipewa nafasi mara mbili, mkandamizo wake huwa nusu, ikiwa joto halibadiliki. Basi katika mtutu wa inchi 24 mkandamizo wa mwisho ni kama sehemu moja katika sita ya ule wa inchi 4. Kwa kweli hupungua zaidi ya hapo, kwa sababu gesi itanukapo hupoa. Ndiyo sababu bastola hupiga kishindo kikali, hali bunduki ndefu yenye risasi ile ile hulia kwa upole. Na mdomo wa bunduki ndefu uko mbali zaidi na masikio ya mpigaji.

Hapa ndipo lilipo jibu lenyewe. Kutoka inchi 16 hadi 24 urefu haununui mwendo tena, ila bado unanunua utulivu.

Mlio wa pili

Ule wa mdomo wa mtutu si mlio pekee. Risasi iendayo kasi kuliko sauti hutanguliza wimbi la hewa mfano wa wimbi la mbele ya mtumbwi, na wimbi hilo hulia kama mjeledi njia nzima. Mach na Salcher walilipiga picha katika miaka ya 1880. Mlio huu mtutu mrefu hauwezi kuupunguza hata kidogo, kwa kuwa hautoki mdomoni mwa mtutu.

Mwendo wa sauti ni mita 331 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi sifuri, nao huongezeka kama mita 0.6 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kampala, hewa ikiwa nyuzi 25, sauti huenda mita 346. Risasi ya mashindano iendayo mita 330 haiwezi kuifikia, basi haina mjeledi. Lakini katika mchezo wa kuteleza thelujini na kulenga shabaha, ambao umetumia .22 tangu mwaka 1978, hewa yaweza kuwa nyuzi 10 chini ya sifuri, na huko sauti huenda mita 325 tu. Risasi ile ile iliyonyamaza Kampala yaweza kulia huko, ingawa baridi nayo hupunguza kidogo nguvu ya baruti.

Masikio yetu

Nimeandika haya yote ili nifike hapa. Vijana wengi hudharau bunduki ya .22 kwa kuwa haina kishindo kikubwa. Bunduki ndefu ya .22 hutoa karibu desibeli 140 kwenye sikio la mpigaji, na bastola yake huzidi 150. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitaja kikomo cha desibeli 140 kwa watu wazima, na 120 kwa watoto. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikivunjika kwa binadamu, haviоti tena. Katika klabu nawajua wazee waliopiga miaka mingi bila kuziba masikio. Leo hawausikii mlio wa chiriku, nao hulala na mvumo kichwani usiokoma. Zibeni masikio kila mara, mpigaji na mtazamaji, mtutu uwe mrefu au mfupi.

Na neno la mwisho. Mlio mdogo si hatari ndogo. Risasi ya .22 yaweza kwenda zaidi ya kilometa moja, mahali ambapo mtu alimaye shambani kwake hatausikia mlio kabisa. Asipigwe mtu kwa sababu sisi tulidhani ni kitu cha mchezo. Piga pale tu penye kingo ya udongo nyuma ya shabaha, chini ya msimamizi, na kwa ruhusa ya sheria.

Maswali ya kujipima

1. Risasi ya gramu 2.6 yenda mita 330 kwa sekunde. Tafuta nguvu yake ya mwendo kwa juli. (Jibu lako liwe karibu 140.)
2. Kwa kutumia kanuni ya Boyle, linganisha mkandamizo wa mwisho katika mtutu wa sentimita 40 na ule wa sentimita 60.
3. Hewa ikiwa nyuzi ngapi ndipo risasi ya mita 337 kwa sekunde italingana na mwendo wa sauti?
4. Eleza kwa maneno yako kwa nini mtu asimamaye karibu na shabaha aweza kusikia milio miwili kwa risasi moja.

Mwanafunzi wa Zamani